Mtu Mmoja Tu Ndani ya Lifti

Hebu mwone anavyokuja. Ni asubuhi, maduka ya chini yanafunguliwa kwa miayo, na yeye anatokea kwenye kona ya duka la vioo akiwa amebana stuli kwapani, kama jogoo asiyetaka kupelekwa anakopelekwa. Shati lake jeupe limepigwa pasi hadi kola imesimama. Stuli hiyo huenda nayo nyumbani kila jioni na kurudi nayo kila asubuhi, tangu siku aliyoiacha kazini akaikuta imepungua mguu na jengo zima limejitia hamnazo. Anavuka barabara bila haraka, anawasalimu wafagiaji, anaingia ukumbini, na wote waliokuwa wakikodolea macho saa ya ukutani wanashusha pumzi. Kapteni amefika. Sasa watu watapanda.

Hilo ndilo jina alilopewa na jengo, na alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kuendesha lifti. Lifti yenyewe ilikuwa ya kizamani, sanduku la mbao lenye mlango wa vyuma wa kukunja, na vitufe vyake vilikufa kitambo. Kilichobaki ni mkono wa chuma ukutani. Ili ipande, ilibidi usukume mlango kwa bega la kushoto, uunyanyue kidogo kwa ncha ya kiatu, halafu uukandamize ule mkono na kuuachia kabla tu hujafika unakokwenda, la sivyo sanduku linapitiliza na abiria wanabaki kutazamana na matofali. Katika jengo zima ni yeye tu aliyeiweza.

Mafundi walikuja zaidi ya mara moja kutaka kuweka vitufe vipya. Kila walipokuja Kapteni aliwapokea kwa heshima, akawapandisha hadi kwenye chumba cha mashine kule juu ya paa, akawaeleza kwa sauti ya daktari kwamba chombo kile ni kizee, kina tabia zake, ukikigusa huku kinalia kule. Mafundi wakarudi walikotoka. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba siku kitufe kitakapofanya kazi, stuli ile itakuwa ya kukalia barazani kwake. Hilo mliweke pembeni, tutalihitaji.

Chini ya jengo kulikuwa na maduka, katikati ofisi, na ghorofa ya tano kliniki ya vidonda, hasa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Nani aliyeona ni akili njema watu wenye miguu mibovu watibiwe karibu na mawingu, hakuna aliyejua. Lifti ilikuwepo, basi swali halikuulizwa. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa dada yake Kapteni, mkubwa wake, mshona mapazia. Kisukari kilimnyang'anya hisia za unyayo, akakanyaga sindano chini ya cherehani yake mwenyewe, akashona nayo kutwa nzima bila habari, mpaka alipoona damu kwenye pazia la mteja. Kidonda kikagoma kupona. Nesi wa kliniki, mwanamke asiyepamba maneno, alimwambia mbele ya mdogo wake: kikisafishwa na kufungwa bila kuruka zamu hata moja, kitafunga. Kikiachwa kitafika mfupani, na hapo hatutazungumza tena habari za bandeji. Na mguu wenyewe ni ule wa kulia, wa kukanyagia cherehani. Kwa hiyo Kapteni alikuwa akimpandisha dada yake mara mbili kwa wiki, na kila mara dada mtu alimkagua kola.

Ndipo ugonjwa ule ukaja. Mnaukumbuka. Ulianza kama habari za watu wa mbali, ukawa habari za mtaa wa pili, kisha ukawa mlango wa jirani uliofungwa mchana. Shule zikafungwa, na mkewe Kapteni, mwalimu wa chekechea, akarudishwa nyumbani na sauti yake yote ya darasani, bila watoto wa kuitumia isipokuwa mumewe. Mwanamke huyo alikuwa na pumu tangu utotoni. Hata vumbi la kukung'uta zulia lilitosha kumfanya ashike ukuta na kutafuta kichupa chake cha dawa ya kuvuta. Ugonjwa wa mapafu kwake haukuwa habari ya redioni.

Msimamizi wa jengo alikuwa mtu wa matangazo. Alikuwa ameandika tangazo la kutotema mate, tangazo la kutoegemeza baiskeli, na tangazo la kutobandika matangazo. Agizo lilipotoka huko juu kwamba watu wasirundikane kwenye vyumba vidogo, yeye hakulaza damu. Asubuhi moja Kapteni alikuta karatasi mpya kwenye mlango wa lifti, kwa herufi nene: NDANI YA LIFTI MTU MMOJA TU.

Kapteni alisoma, akaweka stuli, akaingia. Mwanamke wa ofisi ya bima akataka kuingia naye. Kapteni akamwonyesha karatasi. Mtu mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa tayari ameshaketi. Mama wa watu akabaki ameduwaa. Kapteni akafunga mlango, akapanda hadi ghorofa ya tano peke yake, akafungua kwa adabu, hakuna aliyeshuka, akafunga, akarudi chini. Akafanya hivyo tena. Foleni ukumbini ikafika barabarani, na kila lifti iliposhuka watu waliinamisha vichwa kuchungulia, nayo ikawaletea yuleyule.

Msimamizi akatoka mbio ofisini kwake hapohapo chini, barakoa kidevuni, kuuliza ni mchezo gani. Kapteni akamjibu kwamba yeye anafuata tangazo.

"Wewe huhesabiwi, Kapteni," msimamizi akasema. "Wewe ni sehemu ya lifti."

"Basi mwambieni ugonjwa, bosi. Usije ukanihesabu kwa bahati mbaya."

Watu walicheka, lakini msimamizi hakucheka, na kesho yake akaja na ufumbuzi. Abiria atapanda peke yake na kuendesha mwenyewe. Kapteni atamwelekeza kutoka nje. Ngazi za jengo zilizunguka lifti, na pembeni palikuwa na wavu wa chuma, hivyo Kapteni angeweza kuona sanduku likipanda na kupaza sauti. Hebu fikiria mtu mzima wa umri ule, kola imesimama, anakimbia ngazi sambamba na lifti huku akiita kupitia kwenye wavu: kandamiza, kandamiza, usiachie bado, sasa achia, nimesema achia. Akifika juu anahema hadi barakoa inaingia mdomoni. Halafu anashuka kumfuata abiria wa pili. Siku ya tatu karani wa wakili alisikia "achia" akaachia mapema, lifti ikakwama kati ya ghorofa mbili, na kwa kuwa mlango ule ulitaka bega na ncha ya kiatu kwa pamoja, karani alikaa humo hadi baada ya mlo wa mchana, akitoa vitisho vya kisheria kupitia kwenye tundu. Jioni hiyo msimamizi alileta mnyororo na kufuli. Tangazo likabadilishwa. LIFTI IMEFUNGWA KWA USALAMA WENU.

Sasa watu wote wakahamia kwenye ngazi. Zilikuwa nyembamba kiasi kwamba wakikutana wawili mmoja alilazimika kujibanza ukutani. Walipanda wakihema kama mvukuto, na mtu anayehema hawezi kuvumilia kitambaa mdomoni, kwa hiyo kuanzia ghorofa ya pili barakoa zote zilikuwa shingoni. Wagonjwa wa kliniki walikaa kwenye vidato kupumzika, mmoja juu ya mwingine, wakipumuliana visogoni. Wasiojiweza walibebwa mgongoni na wabeba mizigo, shavu kwa shavu. Watu wawili waliokatazwa kusimama pembe mbili za sanduku moja kwa muda wa kumeza mate mara mbili, sasa walipanda ghorofa tano wakiwa wamekumbatiana. Kapteni alisimama ukumbini na stuli yake, akaona yote hayo, na akili yake ikataka kuruka.

Nesi alijaribu kushusha kliniki chini. Wenye maduka wakakataa, hakuna aliyetaka usaha karibu na bidhaa zake. Akajaribu kufungia watu vidonda chini ya ngazi, vumbi la viatu likimwagikia bandeji, mpaka mkubwa wake alipompigia simu kumkataza. Maji yako juu, mashine ya kuchemshia vyombo iko juu, na juu hakupandiki.

Dada yake Kapteni alipanda mara ya kwanza kwa kushika wavu. Alifika amelowa jasho, na bandeji imelowa kitu kingine. Mara iliyofuata alifika ghorofa ya pili akakaa. Mara iliyofuata hakuja. Kapteni alipokwenda kumtazama alimkuta ameketi kwenye cherehani, mguu umefungwa kipande cha pazia, na chumba kina harufu ambayo wote wawili walijifanya hawaisikii. Nesi alipoelezwa harufu ile alinyamaza, na kwa mtu kama nesi kunyamaza kulikuwa kusema.

Kesho yake Kapteni alimwendea msimamizi akiwa amevimba kifua. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na aliyatoa yote: kwamba kufuli lile halimlindi mtu, kwamba aliyeandika tangazo hajapanda ngazi zile hata mara moja, kwamba mguu wa dada yake unaoza kwa sababu ya herufi nene. Msimamizi alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mzee yule akavua miwani.

"Mdogo wangu alikuwa anakata tiketi sinema," akasema. "Kachumba kama lifti yako. Watu wanainama kwenye dirisha, wanamsemea usoni, basi. Nimemzika nikiwa nimesimama upande wa pili wa barabara." Akazifuta miwani kwa tai. "Unadhani nilipoandika mtu mmoja nilikuwa nawafikiria abiria?"

Mtu ambaye Kapteni alikuja kugombana naye alikuwa amempokonya ugomvi.

Msimamizi akafungua droo, akaweka ufunguo wa kufuli juu ya meza. Akasema yeye amechoka kuamua. Akifunga watu wanaoza, akifungua watu wanakohoa, na wale wa juu ukiwapigia simu wanakwambia tumia busara. Kapteni akitaka kuendesha, aendeshe. Lakini aseme mwenyewe kwamba ametaka, kwa sababu hewa ile ataivuta yeye. Kapteni aliuchukua ufunguo, akatoka nao kama mtu aliyepewa kaa la moto amshikie mwenzake. Agizo lilitoka huko juu, likashuka ghorofa kwa ghorofa, na sasa limemfikia mwendesha lifti, na chini yake hakuna mtu wa kumpa.

Alikuwepo mmoja, lakini. Jioni ile, jikoni, mkewe akimenya vitunguu, Kapteni alimweleza. Mguu uko hivi, kufuli liko hivi, unaonaje, mwalimu?

Mkewe aliweka kisu chini taratibu.

"Unataka niseme endesha, ili nikifa iwe nilikubali mwenyewe. Au niseme usiendeshe, ili mguu wa wifi yangu ukikatwa uwe umekatwa na mimi. Lipi kati ya hayo umelibebea ufunguo hadi hapa?"

Kapteni akasema amekuja kushauriana tu.

"Hukuja kushauriana. Umekuja kugawa lawama, na umenikatia kipande kikubwa."

Chakula kilipoa mezani. Mwalimu alimpenda wifi yake. Ndiye aliyemfundisha kushona, na mapazia ya dirisha lile walilokuwa wakilitazama wote wawili yalitoka kwenye mguu ule. Asubuhi Kapteni alipoamka alikuta mlangoni godoro dogo limekunjwa, birika, blanketi, na mfuko wa nguo. Mkewe alikuwa amesimama mwisho wa korido. Alisema bila ukali, kama anayewaambia watoto ni saa ya kunawa mikono, kwamba aendeshe. Ila akishaendesha abaki hukohuko mpaka ugonjwa upite.

Hivyo ndivyo Kapteni alivyohamia kwenye chumba cha mashine juu ya paa, akilala kando ya gurudumu la kamba ambalo miaka yote alikuwa akiwatishia nalo mafundi. Alifungua kufuli. Aling'oa kifuniko cha dari ya lifti ili hewa ipite. Akaweka sheria zake: wanaopanda ni wagonjwa wa kliniki peke yao, mmoja mmoja, uso ukutani, barakoa hadi puani, na hakuna kuzungumza. Yeye mwenyewe alitazama mlango. Walipanda kama watu waliogombana.

Usidhani mambo yalinyooka. Ilipojulikana kwamba lifti ni ya wenye vidonda, jengo zima likapata vidonda. Watu wa bima wakaanza kuchechemea. Wakili mwenyewe, bosi wa yule karani, alitokea na bandeji safi juu ya kiatu, juu ya kiatu nasema, akamwambia Kapteni ni dharura. Kapteni akamwuliza kidonda kiko kwenye mguu au kwenye ngozi ya ng'ombe. Wakaitana majina. Kila siku kulikuwa na ugomvi wa aina hiyo, na kila siku Kapteni alipanda chumbani kwake amechoka hoi, akampigia simu mkewe, na mkewe alimjibu kwa mkato wa mtu anayelinda pumzi zake.

Dada yake alipanda uso ukutani kama wengine, lakini sheria ya kunyamaza haikumhusu. Aliuambia ukuta kwamba kola ya mtu fulani imelegea siku hizi. Akauuliza ukuta kama mke wa mtu huyo hajambo. Kapteni alitazama mlango na kung'ata mdomo. Mguu ule, polepole, ulianza kuacha kunuka. Nesi alisema pembeni panaota nyama mpya, na akasema bila kupamba, kama kawaida yake.

Kwenye foleni dada huyo alifanya urafiki na fundi viatu, mzee mwenye kidonda kisiginoni, mcheshi, ambaye alikuwa akiinua mkono kumpigia Kapteni saluti kabla ya kugeukia ukuta. Fundi alimpima dada mtu unyayo kwa kamba, kwa mbali, akimwelekeza yeye mwenyewe pa kuibana, na akaapa kwamba siku kidonda kikifunga atamtengenezea kiatu laini kisicho na mshono hata mmoja ndani. Kimoja tu, akasema, maana mguu mwingine hauna makosa.

Mchana mmoja, Kapteni akiwa katikati ya ghorofa na mgonjwa pembeni, simu ililia mfukoni. Mkono wa chuma hauachiwi njiani. Simu ikalia, ikanyamaza. Alipofika juu akapiga, haikupokelewa. Alishuka ngazi zote na mtaa mzima kwa miguu, hakumbuki alivyovuka barabara. Alimkuta mkewe ameketi kizingitini, kichupa cha dawa mkononi, midomo ya rangi ya majivu, na jirani amemshika mgongo. Ni jirani yuleyule waliyenuniana naye kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Alisikia vyombo vikianguka, akaingia bila hodi, akakipata kichupa chini ya kochi. Kama asingekuwa nyumbani, basi.

Kapteni akataka kumkimbilia. Mkewe akainua kiganja.

"Ukivuka hapo, yote tuliyofanya tumeyamwaga. Rudi."

Alisimama mwanzo wa uchochoro, mtu aliyekatazwa kumshika mkewe na mkewe mwenyewe, kwa kanuni waliyoitunga wenyewe, huku mtu baki akimshika. Akarudi. Njiani alitukana. Hakumtukana mtu yeyote hasa.

Baada ya hapo kuna siku moja ninayotaka muitazame vizuri. Asubuhi Kapteni aliamka kichwa kizito, akasema ni kwa ajili ya kulala karibu na grisi. Alipofika ghorofa ya tano, ile dawa kali ya kusafishia vidonda, ambayo kila siku ilimpiga puani mlango ukifunguliwa, hakuisikia. Alijiambia kliniki imebadilisha dawa. Alimwona nesi kwa mbali, angeweza kumwuliza. Hakumwuliza. Ilikuwa siku ya zamu ya dada yake na ya fundi viatu, foleni ilikuwa ndefu, na nyama mpya ilikuwa inaota. Akaendesha kutwa. Jioni akanusa blanketi, akanusa sabuni, akanusa kitunguu alichoazima kwa mlinzi. Hakuna kitu.

Alimpigia nesi simu usiku ulipoingia. Homa ikamweka chini kule juu ya paa, chakula kikiachwa mlangoni na msimamizi, ambaye alipanda ngazi zile kwa mara ya kwanza na kuzijua. Mnyororo ukarudi kwenye lifti. Nesi akawa anakwenda kumfunga dada mtu bandeji nyumbani, baada ya kazi, bila kumwambia mkubwa wake. Jambo hilo lilikuwa linawezekana kwa mgonjwa mmoja au wawili. Kwa foleni nzima halikuwezekana.

Kapteni alipona. Mkewe hakuugua. Dada yake hakuugua, na kidonda kikafunga, na cherehani ikaanza kusikika tena dirishani. Ugonjwa ulipopungua Kapteni alirudi nyumbani na godoro lake, na mkewe alimpokea kwa kumkagua kama mtoto aliyerudi na suruali iliyochanika. Mpaka leo wakigombana kuhusu chumvi, mmoja wao hutaja kizingiti, mwingine hutaja ufunguo.

Siku aliyorudi kazini alimwendea msimamizi na kumwambia awaite mafundi wa vitufe. Msimamizi akamtazama sana. Akauliza kama chombo hakitalia. Kapteni akasema kitanyamaza, aliyekuwa akilia ni yeye. Kama kila mtu angeweza kubonyeza kitufe na kupanda peke yake, tangazo lile la kwanza lingefaa neno kwa neno, na asingekimbizwa ngazi mtu, wala kulala mtu juu ya paa. Alilisema hilo kwa hasira, na kwa mara ya kwanza hasira ile haikuwa na mtu wa kuibeba isipokuwa yeye.

Mafundi walikuwa ndani wakitoboa ukuta, naye amekaa ukumbini juu ya stuli, alipoingia mwanamke mwenye kifurushi cha gazeti. Alimwamkia, akajitambulisha: yeye ni mke wa fundi viatu. Kapteni akasimama. Alikuwa amesikia kwamba fundi alikufa kwa ugonjwa ule, siku zilezile yeye alipokuwa na homa. Alikuwa amesikia pia kwamba mwanawe fundi aliugua, na kwamba fundi aliendelea kufungua kibanda chake sokoni karibu hadi mwisho. Habari hizo mbili alizishikilia sana.

Mwanamke akafungua gazeti. Kilikuwa kiatu kimoja, cha kulia, laini kama sikio, ndani hakina mshono. Alisema mume wake alikimaliza akiwa tayari anakohoa, na aliagiza kipelekwe kwa dada wa Kapteni. Alisema mumewe alimpenda Kapteni, alikuwa akimwigiza nyumbani jinsi anavyotazama mlango. Kapteni akapokea kiatu kwa mikono miwili.

Mwanamke hakuondoka.

"Kaka, sikuja kugombana na wewe," akasema. "Bila lifti yako asingekuwa na mguu wa kusimamia hata miezi ile ya mwisho. Nataka kujua tu, nipate kulala. Ile siku ya mwisho uliyompandisha, ulikuwa mzima?"

Ndani ya lifti keekee ilikuwa ikilia, ikanyamaza. Fundi mmoja akabonyeza kitufe kujaribu, na sanduku lile kuukuu likapanda lenyewe, tupu, bila kumhitaji mtu. Kapteni alikuwa amesimama na kiatu cha dada yake mikononi, akijua harufu ambayo siku ile hakuisikia, asijue fundi viatu aliupata wapi ule ugonjwa, kwenye lifti, sokoni, au kwa mwanawe, na akijua kwamba hakuna mtu atakayejua kamwe. Mwanamke alikuwa akimngoja, na macho yake hayakuwa na ubaya.

Wewe uliyepanda naye ghorofa zote hizi, ungekuwa ndiye umeshika kile kiatu, ungemjibu nini?